Tangi Lililopewa Elimu

Kila Jumatano saa nne asubuhi, Skuli ya Afya ya Jamii ilikusanyika kuwahurumia watu ambao haikuwahi kuwasalimia. Watu hao waliitwa jamii. Jamii haina uelewa, jamii ina imani potofu, jamii ielimishwe: hivyo ndivyo walivyosema, mmoja baada ya mwingine, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi na mapazia mazito. Wakimaliza walikunywa chai, wakatia saini fomu ya posho, wakarudi maofisini wamechoka kama watu waliolima.

Aliyewamiminia chai alikuwa mke wa fundi bomba wa chuo, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Walimwita Mama Chai. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, lakini hakuna msomi aliyewahi kujisumbua kulisoma. Jumatano hiyo alikuwa na siku tisa hajalala usingizi wa maana. Binti yake wa miaka kumi, kitindamimba waliyempa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa amelazwa wodi ya watoto kwa homa ya matumbo, na sasa mdomo ule ulikuwa umenyamaza. Mama Chai aliomba ruhusa akae naye. Msimamizi wa huduma akamkata jicho.

"Leo tuna wageni arobaini, mama. Mtoto ana manesi. Wageni wana nani?"

Basi akaja, akafunga aproni, akaanza kuzunguka na birika.

Aliyewasilisha siku hiyo ni mhadhiri mmoja mtanashati, mpole, mwenye viatu visivyojua vumbi. Wafanyakazi wa chini walimwita Daktari wa Slaidi, kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyewahi kumgusa. Utafiti wake ulihusu nyumba za wafanyakazi zilizoko nyuma ya chuo, safu mbili, kila safu na tangi lake la maji. Mama Chai aliufahamu mradi huo kwa mbali. Yeye alikaa safu ya pili, na wanafunzi walikuwa wamekuja kuupaka mlango wake namba 14 kwa rangi nyekundu, wakampa mche wa sabuni na vipeperushi vyenye vikatuni vya watoto wakinawa mikono. Alitia saini fomu ya kurasa saba. Alisomewa ukurasa wa kwanza, uliokuwa na salamu.

"Swali letu lilikuwa jepesi," alisema Daktari, akichezesha kijitaa chekundu kwenye ukuta. "Je, dawa ya maji ni lazima? Au watu wakielimishwa vizuri, gharama hiyo inaweza kuondolewa? Tangi A limeendelea kutiwa klorini kila wiki kama zamani. Tangi B, tangu mwezi wa pili, tumeondoa klorini, tukaweka elimu."

Mstari wa bluu ulilala chini ya grafu kama mtu aliyeshiba. Mstari mwekundu ulipanda.

"Huu mwekundu ni vijidudu vya kinyesi, Tangi B. Vilianza kuonekana wiki ya tatu. Sasa ni wiki ya kumi na mbili."

"Grafu nzuri sana," alisema Mkuu wa Skuli kutoka kiti cha mbele.

Mama Chai alikuwa amefika kwenye kiti hicho hicho. Alikuwa akimimina, macho yakiwa ukutani. Ikaja slaidi yenye jedwali. Kaya 3, kaya 9, kaya 11. Halafu: Kaya 14. Jinsia: ke. Miaka: 10. Homa ya matumbo. Tukio la nne. Aliisoma mara mbili. Chai ilijaa kikombe, ikajaa sahani, ikaanza kutiririka kwenye makabrasha ya Mkuu.

"Mama Chai, macho! Unatuunguza!"

Alifuta meza kwa aproni. Hakusikia hata alivyoomba radhi. Mgeni mmoja nyuma alikuwa ameshanyosha mkono, akiuliza kama matukio manne yanatosha kitakwimu.

"Bado ni machache," alijibu Daktari kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Lakini muhula haujaisha. Tunatarajia yataongezeka."

Wawili watatu wakacheka kidogo, kile kicheko cha wasomi kisichofika tumboni. Mama Chai aliweka birika chini, akatoka.

Alimkuta mumewe amelala chali chini ya sinki, kwenye choo cha wanafunzi. Miguu tu ndiyo ilionekana, na fulana yenye maandishi MDAU WA UTAFITI kifuani, ambayo Daktari alimpa na ambayo aliifua kila siku ya pili.

"Baba Chiriku, toka huko."

"Ngoja kidogo, hii koki imekaza."

"Toka nimekwambia!"

Alitoka akijifuta mikono. "Mtoto?"

"Mtoto yuko ukutani. Wamemwandika namba. Tangi letu halitiwi dawa tangu mwezi wa pili. Wewe ndiye unayetia dawa kila Jumatatu. Niambie wamekosea, nirudi nikaendelee kumimina chai."

Fundi akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali, akatoa karatasi iliyotiwa kwenye plastiki ili isilowe. Aliitunza kwa fahari. Ilikuwa na mhuri. *Tangi B lisitiwe dawa hadi utafiti utakapokamilika. Tunashukuru kwa ushirikiano wako.*

"Niliambiwa," alisema.

"Uliambiwa."

"Walisema nikitia nitaharibu data. Walisema wenyewe watapima maji, na wao ni wataalamu, Mama Chiriku. Kama yangekuwa mabaya wangesema."

"Wamesema! Wamewaambia wageni arobaini na projekta. Sisi tunaoyanywa ndio tuliosahauliwa kualikwa." Sauti ilimpasuka. "Miezi mitatu unamnywesha mwanao uchafu huku umevaa fulana ya kazi hiyo!"

Ilikuwa kweli, na hakukuwa na namna ya kuipunguza. Safu nzima ya pili haikuchemsha maji. Nani angechemsha maji ya tangi linalotunzwa na fundi anayekaa mlango wa katikati? Ingekuwa kumtukana. Watoto wote wa safu ile walikunywa moja kwa moja kwenye bomba la uani, midomo ikigusa chuma, na yeye alikuwa akiwapita kila jioni na kuwasalimia.

"Nesi amesema anatoka Jumamosi," alisema Mama Chai kwa sauti ya chini zaidi. "Amesema utumbo wake sasa hivi ni kama karatasi iliyolowa. Tusimrudishe kwenye maji yale yale. Akirudia, hatasimama."

"Tutachemsha yetu."

"Na akienda uani kucheza? Utamfunga kamba? Na wa namba tisa, na wa namba tatu? Lile ni tangi, siyo sufuria yangu."

"Nitakwenda kwa Daktari."

"Nenda. Vaa na fulana yako, asije akakusahau. Mwambie umetoka kwenye tangi lililopewa elimu."

Daktari alimpokea vizuri, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mtu akikufukuza unajua pa kushika. Huyu alimkalisha kwenye kochi, akamwita mzee wangu, akasema pole mara nne, kisha akasema uamuzi kama huo hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Kuna kamati. Kwa bahati nzuri ilikuwa inakutana kesho yake, Alhamisi.

Kamati ilikutana saa tatu. Fundi alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia mapajani. Ajenda ya kwanza ilikuwa kufungua kikao. Ya pili ilikuwa rangi ya fulana za kongamano lenye kaulimbiu *Maji Salama ni Haki ya Kila Mtu*. Walijadili dakika hamsini. Upande mmoja ulitaka bluu kwa kuwa ni rangi ya maji. Upande mwingine ulitaka kijani kwa kuwa bluu ilitumika mwaka jana. Mhadhiri mmoja wa takwimu alikasirika, akakusanya makaratasi yake kana kwamba anaondoka, wakambembeleza. Ikapita bluu. Ajenda ya tatu ilikuwa maegesho. Fundi alikuwa kwenye ajenda ya nne, iliyoitwa mengineyo, na ilipofika watu walikuwa wameshaanza kutazama saa.

"Kwa ufupi, fundi," alisema Mkuu wa Skuli. "Tumebanwa na muda."

Alisimama. Alikuwa amejiandaa usiku kucha, na maneno yote yakamtoroka. "Mtoto wangu anatoka hospitali Jumamosi. Naomba ruhusa nitie dawa Tangi B. Ni hilo tu."

"Mzee wangu, nakuelewa kabisa," alisema Daktari. "Mimi pia ni mzazi. Lakini tumebakiza wiki tatu tu tuchukue sampuli ya mwisho. Ukitia dawa leo, kazi ya miezi yote hii inapotea, na watakaoumia ni watoto wengine, wengi zaidi, huko nje."

"Hawa wa humu ndani je?"

"Hawa wanalindwa. Kamati ya maadili ilipitia kila kitu. Na kila kaya iliridhia." Alifungua jalada, akageuza kurasa. "Yako hii hapa. Ukurasa wa sita, aya ya tatu: mshiriki anafahamu kuwa dawa ya maji itasitishwa. Chini ni saini ya mama watoto."

Wote waliinama kuitazama ile saini, herufi kubwa za mtu aliyeacha masomo mapema, kila moja imesimama peke yake. Mtu mmoja akatabasamu. Fundi aliona tabasamu lile, na masikio yakamwaka moto.

"Niandikeje?" aliuliza Katibu.

"Andika: jamii ilitoa mrejesho," alisema Mkuu. "Hatua: vipeperushi viongezwe kwa safu ya pili. Tumemaliza?"

"Asante," alisema Fundi.

Ndiyo, alisema asante. Miaka ishirini na miwili ya kutumwa ilikuwa imeuzoesha ulimi wake kushukuru kabla kichwa hakijajua kimepewa nini. Alifika mlangoni ndipo akalisikia lile neno, akatamani kulirudisha.

Mkewe alimsubiri wodini, pembeni ya kitanda. Chiriku alikuwa amelala, mikono miembamba juu ya shuka, midomo imekauka.

"Wamesemaje?"

"Watatuongezea vipeperushi."

Mama Chai alicheka. Alicheka hadi nesi akaja kumwomba anyamaze, na alipoanza kulia nesi akaondoka zake.

Ijumaa alfajiri Fundi alitoka na ndoo, mwiko mrefu wa mbao na ngazi. Mkewe alimfuata kuishika ngazi, maana mguu mmoja wa ngazi ulikuwa mfupi. Wote wawili walijua hesabu yake: nyumba ilikuwa ya kazi, kazi ikiondoka nyumba inafuata ndani ya wiki, na mtu wa miaka hamsini na mitatu anayejua mabomba ya chuo kimoja hana mbele wala nyuma.

"Kama unaogopa, shuka nipande mimi," alisema Mama Chai hatimaye.

"Naogopa. Shika vizuri."

Alifunga koki ya kutolea, akavua kifuniko. Harufu iliyomfikia ndiyo iliyomtoa woga. Alikuwa fundi, harufu ile aliijua kwingine, kwenye mitaro, na hakuwahi kufikiri ingekuwa juu ya kichwa cha mwanawe. Alitia dawa ya kipimo cha mara mbili, akakoroga, akasubiri. Kisha akafungua bomba la uani likamwagika hadi mabomba yote yakajisuuza. Jua lilipochomoza, watoto wa namba tisa wakaja kunywa, wakakunja nyuso.

"Maji yananuka hospitali," walisema.

"Kunyweni," aliwaambia. "Ndiyo harufu yake hiyo."

Chiriku alirudi Jumamosi akiwa amebebwa. Wiki ya kwanza alikaa mlangoni. Ya pili alianza kuuliza maswali: kwa nini namba yetu ni nyekundu, kwa nini wa namba tatu hajarudi bado, kwa nini baba anaamka mapema Ijumaa tu. Hakuna aliyeumwa tena kwenye safu ile, na Daktari, akipelekewa taarifa kila wiki kwamba hakuna tukio jipya, alikosa raha.

Siku ya sampuli ya mwisho alikuja mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akimfanyia Daktari kazi zote za jua na vumbi. Alikuwa binti mpole, mwenye miwani, anayemwamkia Fundi kwa heshima. Alikinga maji kwenye chupa, akaipeleka puani. Akamtazama Fundi.

"Shikamoo tena, mzee. Haya maji..."

"Maji ni maji, mwanangu."

Binti alisimama pale, kifuniko mkononi. Angeweza kupima klorini. Kipimo chake ni kikaratasi cha kubadilika rangi, na alikuwa nacho kwenye begi. Lakini fomu yake haikuwa na kisanduku cha klorini, na yeye alitaka kuhitimu mwezi wa nane. Akaifunga chupa, akaandika tarehe.

Jumatano ya wiki iliyofuata ukumbi ulijaa. Walikuja wakuu wa huduma za maji kutoka wilaya sita. Fulana zilikuwa za bluu. Fundi aliketishwa safu ya mbele, kwa kuwa angepewa cheti cha Mdau Bora, na Mama Chai alipita mbele yake na birika bila kumtazama, asije akajisaliti.

"Sifuri!" alisema Daktari wa Slaidi. Mstari mwekundu uliopanda miezi yote ulikuwa umeanguka chini wima. "Tangi B, vijidudu sifuri. Hakuna hata chembe ya klorini iliyotumika. Ni nini kimetokea, ndugu zangu? Tuliongeza vipeperushi. Jamii ikabadilika. Elimu imeshinda dawa!"

Walipiga makofi. Mgeni mmoja alisimama kabisa. Mkuu wa Skuli akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo chuo kinaachana na klorini kwa matangi yote mawili, stoo ya dawa itafungwa jioni ile ile, na Jumatano ijayo wilaya zote sita zitatia saini makubaliano ya kufuata mfano huo.

Fundi angeweza kunyamaza. Kwa wiki tatu kunyamaza kulikuwa kumemponya mwanawe. Lakini stoo ikifungwa, Ijumaa ijayo ndoo yake ni tupu, na Chiriku atainama kwenye bomba la uani kama kawaida yake. Na wilaya sita zina matangi mengi, yeye ana ngazi moja.

"Na sasa," alisema Mkuu, "tumwite mdau wetu, fundi, aje achukue cheti. Aseme neno moja tu."

Alipanda. Alikisogeza kipaza sauti karibu mno kikagonga meno yake, watu wakacheka kwa upole.

"Hiyo sifuri ni yangu," alisema.

"Kweli kabisa! Ni yetu sote!" alidakia Mkuu.

"Ni yangu mimi. Nilitia dawa. Kila Ijumaa alfajiri, mara nne, kipimo kamili. Mtoto wangu alikuwa anakufa na nyinyi mlikuwa mnachagua rangi ya fulana. Maji hayakusafishwa na karatasi. Msiondoe dawa."

Mama Chai alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, birika limemwelemea mkono, machozi yanamtoka bila aibu. Hakuwahi kumpenda mumewe kama dakika ile, na hakuwahi kuogopa hivyo.

Daktari ndiye aliyejikusanya kwanza. "Mzee wangu ana utani."

"Sina utani."

"Basi tuulize kitaalamu." Alimgeukia mwanafunzi wa uzamili. "Sampuli ya mwisho ilionyesha klorini?"

Binti alisimama, akaweka miwani sawa. "Hatukupima klorini, Daktari. Haikuwa kwenye fomu."

"Kwa hiyo hakuna ushahidi. Samahani sana, lakini sayansi haiwezi kufuata kauli ya kila anayesimama."

"Tunashukuru kwa mchango," alisema Mkuu wa Skuli, akiokoa jahazi. "Hayo tutayazungumza nje ya kikao. Makofi kwa mdau wetu!"

Wakapiga makofi. Wakampa cheti chake, kwa kuwa kilikuwa kimeshachapishwa.

Alhamisi ikaja barua. Mlinzi aliyeileta hakutaka kukaribishwa ndani. Mama Chai aliisoma kwa sauti, akisimama kwenye kila neno refu.

"*Kwa kukiri kwako mbele ya mashahidi, na baada ya uongozi kufanya uchunguzi na kujiridhisha pasipo shaka, imethibitika kuwa ulitia klorini katika Tangi B mara nne bila idhini, na hivyo kuuharibu utafiti wa Skuli. Unaachishwa kazi. Utaihama nyumba ya chuo ndani ya siku saba.*"

Mhuri. Saini ya Mkuu wa Skuli, yenye mkia mrefu.

Fundi alikaa kitandani, akavua fulana, akaikunja vizuri kama alivyozoea. "Nimemwaga unga, mke wangu. Nisamehe."

Mama Chai alikuwa anaisoma barua tena, kimya kimya, kidole kikifuata mistari. Mwaka mzima aliwasikia wale watu wakisema ushahidi, ushahidi, ushahidi uko wapi. Alianza kutabasamu, na mumewe akadhani majonzi yamemchanganya.

"Baba Chiriku. Wamejiridhisha pasipo shaka."

"Ndiyo. Nimesikia."

"Hukusikia. Jana ulikuwa huna ushahidi. Leo umeletewa, una mhuri."

Jioni alimtafuta mwanafunzi wa uzamili, akamkuta maktaba, akamwekea barua mbele. Binti aliisoma, rangi ikamtoka usoni. Alisema hawezi kusimama popote kusema lolote, ana mtihani wa kutetea tasnifu yake mwezi ujao, wazazi wake wameuza kiwanja kumsomesha.

"Sijakuja kukuomba usimame, mwanangu," alisema Mama Chai. "Unajua kutumia ile mashine ya kutolea nakala?"

Binti aliijua. Alizitoa nakala ishirini mwenyewe, mlango wa chumba cha mashine umefungwa, akazifunga kwenye bahasha bila kuandika kitu juu. Huo ndio ulikuwa ujasiri wake wote, na kwa Skuli ile ulikuwa mwingi.

Jumatano ilikuwa siku yao ya saba. Asubuhi Fundi alibaki akifungua vitanda, Chiriku akimhesabia misumari. Mama Chai akaenda kazini, maana yeye hakuna aliyekumbuka kumfukuza. Alipanga ukumbi. Kila mgeni aliwekewa kalamu, chupa ya maji ya dukani, na kijitabu cheupe cha matokeo. Alikifungua kimoja. Ukurasa wa pili uliandikwa kwa herufi nene: *Katika kipindi chote cha utafiti, Tangi B halikutiwa klorini hata mara moja. Uongozi umejiridhisha.* Chini yake saini ile ile yenye mkia, na tarehe ile ile ya barua ya mumewe.

Hotuba zilikuwa tatu. Kisha Mkuu akawaomba wageni wanywe chai kabla ya kutia saini, na Mama Chai akazunguka meza, kikombe kimoja kimoja. Chini ya kila sahani aliweka karatasi iliyokunjwa mara moja. Alifanya polepole, kwa adabu, mkono wa kulia. Hakuna aliyemtazama, kama kawaida.

Wa kwanza kuifungua alikuwa mama mmoja wa makamo, msimamizi wa maji wa wilaya ya mbali, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyewahi kushika spana. Aliisoma. Akakivuta kile kijitabu, akakilaza pembeni ya barua, akasoma tena, kichwa kikienda kushoto na kulia. Kisha akagonga kikombe kwa kijiko.

"Mheshimiwa Mkuu, samahani. Hizi saini mbili ni zako?"

Mkuu alisogea, akachungulia, akavua miwani, akaivaa tena. Karibu naye karatasi nyingine zilikuwa zinafunguliwa.

"Nani ameleta hizi karatasi humu?"

"Sijauliza nani ameleta," alisema yule mama. "Mimi nina watu elfu themanini wanaokunywa maji nikitia saini hapa. Kama fundi alitia dawa, huu utafiti ni uongo. Kama hakutia, mmemfukuza kwa kosa gani? Nichagulie moja, nijue nafanya nini na hii kalamu."

Mkuu alimtazama Daktari wa Slaidi. Daktari alitazama ukutani, ambako projekta ilikuwa bado haijawashwa.

"Ni suala la kiutawala," alianza Mkuu, "ambalo kwa kweli..."

"Hapana. Moja."

Mama Chai aliweka birika juu ya kitambaa cheupe, katikati ya makabrasha. Akafungua aproni, akaikunja, akaiweka kando yake. Kisha akavuta kiti kilichokuwa wazi mbele, akakaa, akasubiri jibu pamoja na wengine.